Mgeni Aliyemsemesha Uhura

Usiku wa Alhamisi, tarehe 8 Septemba 1966, kituo cha NBC cha Marekani kilianza kurusha tamthilia ya Star Trek. Kipindi kilichochaguliwa kufungulia kinaitwa "The Man Trap". Hakikuwa cha kwanza kutengenezwa. Kilikuwa cha sita, ukivihesabu na vile viwili vya majaribio. Wakubwa wa NBC walikitanguliza kwa sababu kina dubwana: kiumbe mwenye manyoya marefu, mdomo wa duara, na vidole vya kunyonyea. Walitaka mtazamaji atishike na wiki ijayo arudi. Ndivyo kinavyokumbukwa hadi leo, kipindi cha dubwana linalofyonza chumvi za watu. Nimekitazama tena, na nashikilia kwamba kimekumbukwa vibaya. Mna ndani yake tukio fupi, kwenye korido ya chombo, ambalo kwangu ndilo kipindi chenyewe. Na katika tukio hilo kinasemwa Kiswahili.

Kisa ni hiki. Chombo cha anga cha Enterprise kinafika kwenye sayari ya M-113, wanakoishi mwanaakiolojia Robert Crater na mkewe Nancy, wakichimbua magofu ya wenyeji waliotoweka zamani. Kanuni inataka wapimwe afya kila mwaka, kwa hiyo Nahodha Kirk anateremka pamoja na Daktari McCoy na kijana wa chombo aitwaye Darnell. McCoy na Nancy walikuwa wapenzi ujanani. Mwanamke anaingia, na kila mmoja anamwona wake. McCoy anamwona Nancy vilevile alivyomwacha, miaka haikumgusa. Kirk anamwona mama aliyeanza kuota mvi. Darnell anamwona msichana mwingine kabisa, aliyewahi kukutana naye kwenye sayari ya starehe. Crater hataki kupimwa. Anachotaka ni vidonge vya chumvi, basi, wageni waende zao. Baada ya muda mfupi Darnell anakutwa amekufa, usoni ana alama nyekundu za duara, na mwilini mwake hamna tena chumvi.

Ukweli unatoka kidogo kidogo. Nancy halisi alikwisha kuuawa, mwaka mmoja uliopita au miwili. Crater mwenyewe hesabu imempotea. Aliyemuua ndiye anayeishi naye sasa, kwa sura ya marehemu. Ni mzaliwa wa sayari ile, wa mwisho katika jamii yake yote, mwenye uwezo wa kuchukua umbo lolote analolisoma moyoni mwa mtu, naye hawezi kuishi bila chumvi. Crater anampa chumvi, naye anampa Crater uso wa mke wake. Wamekaa hivyo, wawili tu, kwenye sayari tupu.

Mtu aliyekulia pwani yetu hadithi ya namna hii haimshangazi. Amesikia habari za jini anayesimama kando ya barabara usiku kwa umbo la mwanamke mzuri, mpaka dereva atupe jicho chini aone kwato. Lakini jini wa barabarani hutega kwa uzuri, na uzuri ni ule ule kwa kila dereva. Kiumbe wa M-113 anatega kwa kile ambacho mtu mwenyewe amekikosa. Mwandishi wa kipindi, George Clayton Johnson, aliyekuwa amekwisha kuandikia The Twilight Zone, hakuandikia Star Trek kipindi kingine zaidi ya hiki. Wazo lake hili moja lina uzito wa vipindi vingi: ukitaka kujua mtu amekosa nini maishani, tazama kiumbe anageuka nini mbele yake. McCoy amekosa ujana wake. Darnell, masikini, ni kijana tu aliyekaa safarini muda mrefu.

Na Uhura?

Kabla ya korido tunapelekwa kwenye chumba cha uongozi. Nahodha yuko chini kwenye sayari, kazi imepoa. Uhura ndiye afisa wa mawasiliano. Kutwa nzima anapokea sauti za wengine na kuzipeleka zinakotakiwa, na leo amechoshwa na lugha ya kazi hiyo, masafa na masafa, mpaka anasema akilitaja neno hilo mara moja zaidi atalia. Anamgeukia Spock, afisa mwenzake aliyetoka sayari ya Vulcan. Anamtaka amwambie kwamba yeye ni msichana wa kuvutia, au amuulize kama amewahi kupenda, au basi amsimulie tu jinsi kwao Vulcan kunavyopendeza jioni mwezi ukijaa. Spock anamjibu kwamba Vulcan haina mwezi. Uhura anasema hilo halimshangazi hata kidogo.

Watu hucheka hapo, na Nichelle Nichols anaigiza kwa wepesi unaostahili kicheko. Lakini tazameni anachokiomba. Mapenzi ya Spock hayamo katika ombi lake. Anaomba asemeshwe. Na muda si mrefu inapoingia habari kwamba mmoja wa walioteremka amefariki, Spock akabaki ametulia kwenye kiti, Uhura anamkabili waziwazi: aliyekufa huenda ni Kirk, mtu pekee unayeweza kumwita rafiki, nawe umekaa tu? Katika chombo chenye watu zaidi ya 400, Luteni Uhura ana wengi wa kufanya nao kazi na hana wa kuzungumza naye. Hili tumeonyeshwa mapema kabisa, kabla kiumbe hajapanda chomboni, na ndiyo sababu siamini kwamba tukio la korido liliwekwa kujaza muda.

Kiumbe amepanda kwa sura ya Green, mmoja wa aliowaua kule chini. Ana njaa. Amekwisha kumfuata karani Janice Rand kwa ajili ya kichupa cha chumvi kwenye sinia ya chakula. Sasa anazurura koridoni, anamwona Uhura, na mbele ya macho yetu anageuka kuwa mwanamume Mweusi mtanashati aliyevaa sare ya chombo. Aliyemwigiza ni Vince Howard. Uhura anamuuliza kama wanajuana. Anamjibu kwamba kwa namna fulani wanajuana, kwani sasa hivi Uhura alikuwa akimfikiria mtu kama yeye. Na anaonekana mpweke. Uhura anamrudishia maneno kwa utani wa mwanamke aliyezoea kutongozwa kazini. Bado amejihami. Uso mzuri haujamtosha, sauti nzuri haijamtosha. Ndipo mwanamume anapoiacha lugha ya chombo na kumsemesha Kiswahili, na silaha zote zinamwanguka Uhura. Uso unamfunguka. Anaanza kusogelewa na hasogei. Kipaza sauti kinamwita arudi kazini, na yeye, ambaye kazi yake ni kusikia kila mwito, wa kwake haumfikii. Afisa mwenzao Sulu na Rand wakatokea, mvuto ule ukakatika, akaingia nao kwenye lifti. Amenusurika bila kujua alikuwa mbele ya nani.

Kiswahili chenyewe, niseme kweli, kimeumia sana vinywani. Msikilizaji wa Unguja au wa Lubumbashi itabidi arudishe nyuma mara mbili tatu ndipo aanze kukisia kilichokusudiwa. Nimewasikia wenzangu wakilichukia tukio zima kwa sababu hiyo, wakisema tulidharauliwa. Nawaelewa, ila siungani nao. Waigizaji wale hawakuwa wasemaji wa lugha hii. Walichokifanya kwa ufasaha kamili ni kile kinachotokea baina ya maneno: mtu aliyezoea kuishi ndani ya lugha ya wengine kuitwa ghafla kwa lugha ya kwao. Anayeishi ughaibuni analijua hilo mwilini. Fundi wa Mombasa aliyeko Doha, muuguzi wa Bukavu aliyehamia Ohio, akiwa kwenye foleni ya duka akasikia nyuma yake mtu anasema kwenye simu "nakuja sasa hivi, nisubiri", atageuka kabla ya kufikiri. Hajui ni nani. Anaweza kuwa mwema, anaweza kuwa tapeli. Ameshageuka.

Kwa nini Kiswahili, na si lugha nyingine ya Afrika? Nichols ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba siku aliyokwenda kufanyiwa usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, ya mwaka 1962, inayohusu Kenya katika siku za kuelekea kujitawala. Mtayarishaji, Gene Roddenberry, alilipenda neno, wakalilainisha likawa jina la mhusika. Ruark alikuwa Mmarekani mpenda uwindaji, na Kenya yake ni ile inayotazamwa kutoka baraza la mlowezi. Kwamba jina la mwanamke huyu lilichomoka kwenye kitabu chake ni jambo ambalo huwa nalitafakari bila kulimaliza. Ila hewa ya miaka ile haikuwa ya Ruark peke yake. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru 1961, Kenya 1963, na neno hilo lilikwisha kuvuka bahari. Miezi mitatu baada ya "The Man Trap" kurushwa, huko California, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa na kuzipa misingi yake saba majina ya Kiswahili. Wamarekani Weusi wengi asili yao ni Afrika ya magharibi na ya kati-magharibi. Babu zao hawakusema Kiswahili. Walikichagua. Walitaka lugha ya Kiafrika isiyokuwa ya kabila moja, nayo ikawa hii. Kwa hiyo mtazamaji Mweusi wa Chicago aliyekuwa mbele ya televisheni usiku ule huenda hakufahamu neno hata moja, na bado alitambua kwamba mwanamke yule ameitwa kutoka nyumbani.

(Miaka minne baadaye kitu halisi kilipaa angani na jina hilo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Haihusiani na tamthilia, lakini nisingeweza kuandika habari za Uhura wa angani nikaiacha.)

Habari za Nichols na Martin Luther King zimesimuliwa sana, nitazipitia kwa haraka. Mwishoni mwa msimu wa kwanza alitaka kuacha, akafanye kazi ya jukwaani aliyoipenda zaidi. King, aliyekuwa shabiki wa tamthilia, akamsihi abaki, kwa kuwa mamilioni walikuwa wakimwona mwanamke Mweusi kama msomi na afisa. Alibaki. Baadaye, tangu 1977, aliisaidia NASA kuwatafuta wanawake na watu weusi wa kwenda angani. Alifariki 30 Julai 2022 akiwa na umri wa miaka 89. Haya yote ni ya kujivunia. Ninachosikitikia ni kwamba sifa hizo zimemgeuza Uhura kuwa alama, na alama haina upweke. "The Man Trap" ni kati ya vipindi vichache vinavyotuonyesha mtu ndani ya sare.

Kingine ni "The Changeling", cha tarehe 29 Septemba 1967. Mtambo uitwao Nomad unafuta kumbukumbu za Uhura, na muuguzi Chapel anaanza kumfundisha kusoma upya, kitabu cha watoto mkononi. Anakwama kwenye neno, anakasirika, na hasira inatoka kwa Kiswahili. Chapel anamrudisha kwenye Kiingereza. Kipindi kinalipita tukio hili kwa tabasamu, na wiki inayofuata Uhura yuko kazini mzima, jambo ambalo hakuna daktari angelikubali. Lakini ukiviweka vipindi hivi viwili pamoja unaona kitu kile kile. Ukimfuta Uhura yote aliyojifunza chomboni, inabaki lugha. Ndiyo hiyo kiumbe aliyoisoma kule koridoni. Alichimba mpaka chini kabisa na kuikuta.

Sasa turudi kwa kiumbe, kwa sababu hapo ndipo nina ugomvi na kipindi.

Uhura yuko peke yake kwa sababu ya umbali. Upweke wake una njia ya kurudi nyumbani. Mahali fulani wapo watu wake, wanakula, wanabishana, wanalea watoto kwa lugha ile. Kiumbe wa M-113 hana pa kurudi. Hakuna mwingine atakayekutana naye koridoni amsemeshe kwa lugha yake. Hata sisi watazamaji hatuisikii. Kipindi kizima anasema kwa ndimi za wengine. Waliosimama pale ukutani wakitazamana ni wapweke wawili, na mmoja wao ndiye anayejua.

Crater anamlinganisha na nyati wa Marekani, wale wenye nundu. Walikuwa mamilioni, anasema, nyanda zikiwa nyeusi kwa wingi wao. Johnson hakuubuni mfano huu hewani. Makadirio ya wataalamu ni kwamba nyati hao walikuwa milioni 30 au zaidi, na kufikia mwishoni mwa karne ya 19 hawakufika hata 1,000. Waliuawa kwa ajili ya ngozi, waliuawa reli ilipopita, na waliuawa huku maofisa wa jeshi wakiridhika, kwa kuwa Walakota, Wacheyenne na Wakomanchi walikula kwa nyati na wasingeweza kupigana bila nyati. Kipindi hakiyataji haya. Kinazungumzia mnyama na kunyamaza kuhusu watu. Kwangu huo ni upungufu mkubwa, maana California yenyewe, palipotengenezwa Star Trek, ilikuwa na kisa kilicho karibu zaidi. Agosti 1911 alijitokeza karibu na mji wa Oroville mtu wa mwisho wa Wayahi, jamii iliyomalizwa na walowezi na magonjwa. Jina lake halisi hakulitaja. Mwanaanthropolojia Alfred Kroeber alimpa jina la Ishi. Aliishi kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California, San Francisco, akiwaonyesha wageni jinsi ya kuchonga vichwa vya mishale, akifanya kazi na wataalamu wa lugha walioandika maneno yake. Alifariki kwa kifua kikuu Machi 1916. Mke wa Kroeber, Theodora, alichapisha kitabu juu yake mwaka 1961, na kilisomwa sana. Mtu wa mwisho mwenye lugha ya mwisho hakuwa wazo la kubuni kwa Wamarekani wa kizazi kile.

Nasi tunao wa kwetu. Tarehe 19 Machi 2018, katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, alikufa Sudan, faru dume wa mwisho wa jamii ya faru weupe wa kaskazini. Wamebaki binti yake Najin na mjukuu wake Fatu. Wanalindwa na walinzi wenye bunduki, na wanasayansi wanachukua mayai ya Fatu kujaribu kutengeneza viinitete maabarani. Kila anayekwenda kuwaona husema jambo moja, kwamba kinachoshtua ni kuwaona wakila majani kwa utulivu. Hawajui.

Kiumbe wa M-113 anajua, tena anaweza kusema. Hapa ndipo penye kiini. Baada ya vifo kadhaa Kirk anaitisha mkutano, na kiumbe anakaa mezani kwa sura ya McCoy, akijitetea mwenyewe bila wenzake kujua. Anasema kiumbe anajaribu tu kuishi, anatumia kipaji alichoumbwa nacho, ana akili kama wao, hakuna haja ya kumwinda. Wakimpa chumvi hatakuwa na sababu ya kuwadhuru. Crater anaongeza kwamba kinyonga hubadili rangi, na hata sisi meno yetu ya mbele yalikuwa ya kuumia. Njaa ya chumvi yenyewe si mambo ya kubuni: tembo wa Mlima Elgon huingia usiku ndani kabisa ya pango la Kitum, gizani, wakabomoa mwamba kwa pembe zao ili walambe chumvi iliyomo. Kirk hasikilizi. Anamshutumu Crater kwamba amejitengenezea maisha ya starehe, na kiumbe anayeweza kuwa mke, rafiki, na mtumwa kadiri atakavyo. Shutuma hiyo ina ukweli. Lakini ni shutuma juu ya Crater. Hoja ya chumvi haikupata jibu la maana.

Najua upande wa pili una nguvu. Kiumbe amemuua Nancy, ameua watu wanne wa Kirk, na kabla kipindi hakijaisha anamuua hata Crater aliyemlinda. Nahodha ana wajibu kwa watu wake kwanza. Na hadithi ina tundu: chombo kina jiko, jiko lina chumvi, na kiumbe anayeweza kuwa mtu yeyote angeingia akabeba mfuko mzima. Johnson alihitaji maiti, basi akazipata. Dakika ile ya mwisho pia siilaumu. Kiumbe yuko juu ya Kirk, Spock anampiga kwa nguvu zake zote ili McCoy aone kwamba huyu si Nancy, McCoy ameshika bunduki na mkono hautii. Hatimaye anafyatua. Kiumbe anarudi kuwa Nancy, anamsihi kwa sauti ile ile ya zamani, McCoy anamwomba Mungu amsamehe, anafyatua tena. DeForest Kelley, aliyemwigiza McCoy, hakuwahi kuigiza vizuri zaidi ya hapo. Mtu yeyote aliyesimama pale angefyatua.

Nailaumu saa moja iliyotangulia. Nalaumu mkutano ule, ambao watu walioapa kutafuta uhai mpya angani waliketi na uhai mpya meza moja na kuuliza swali moja tu, tutaukamata vipi. Mwishoni Kirk anaketi kwenye kiti chake akiwa amezama, Spock anamuuliza kulikoni, naye anasema alikuwa anawaza habari za nyati. Kisha chombo kinaondoka. Sentensi ile inasifiwa kwa utu wake. Mimi inaniudhi. Kuwaza habari za nyati baada ya kumpiga risasi wa mwisho ni jambo rahisi; Wamarekani nao waliwaza hivyo na kuchapa picha ya nyati kwenye sarafu.

Uthibitisho kwamba palikuwa na njia nyingine unatoka kwenye tamthilia yenyewe, miezi sita baadaye. Tarehe 9 Machi 1967 kilirushwa "The Devil in the Dark", kilichoandikwa na Gene L. Coon. Wachimba madini wa sayari ya Janus VI wanauawa, zaidi ya 50, na kiumbe wa mwamba aitwaye Horta. Naye ni pekee aliyebaki. Kirk mwanzoni anaamuru auawe. Lakini anapokutana naye uso kwa uso shimoni anashusha silaha na kusubiri, Spock anaweka mikono juu ya mwili wake na kuipokea akili yake, na inajulikana kwamba mawe ya duara waliyoyavunja wachimbaji kwa maelfu ni mayai. Kila baada ya miaka 50,000 Horta wote hufa, anabaki mama mmoja wa kuyalinda. McCoy anamtibu jeraha kwa saruji, na kipindi kinaisha kwa mapatano, wachimbaji na watoto wa Horta wakifanya kazi bega kwa bega. Idadi ya waliouawa na Horta ni mara nyingi zaidi ya wale wa M-113. Tofauti ni kwamba Horta alikuwa mama, na pia kwamba hakuwahi kumdanganya mtu. Tunamsamehe upesi anayetuua kwa uso wake kuliko anayetujia kwa uso tunaoupenda.

Ndiyo maana namrudia Uhura. Hakuna mahali katika kipindi kizima ambapo kukutana kwake na kiumbe kunatajwa. Uchunguzi unafanywa, alama za usoni zinapimwa, inaamriwa Crater apewe dawa ya kusema kweli, na hakuna anayemuuliza luteni kama ameona kitu. Ni kati ya wachache waliosimama karibu na kiumbe yule wakaondoka hai. McCoy alidanganywa na kumbukumbu yake, Crater alijidanganya kwa hiari. Uhura alisemeshwa na mgeni, akamjibu, akamtazama machoni. Angeweza kuwaambia mezani kwamba hayo macho yalikuwa na njaa, na kwamba mwenye njaa ile alijua, pengine kuliko mtu yeyote chomboni, maana ya kukaa bila wa kuzungumza naye. Kirk angekuwa huru kumkatalia. Lakini hoja ya chumvi ingepata mtetezi ambaye hakuna angeweza kumshutumu kwamba analinda starehe zake, na aliyeketi kwa sura ya McCoy angesikia kuna mmoja aliyemwelewa.

Mwenye nafasi avitazame vyote viwili usiku mmoja, "The Man Trap" kwanza, "The Devil in the Dark" baadaye, na kama kuna vijana nyumbani akae nao. Asimamishe picha pale kwenye mkutano, kabla Kirk hajajibu, awaulize wao wangempa kiumbe chumvi kiasi gani, nani angempelekea, na mlango ungefungwa au ungeachwa wazi.